Miaka Minne Birkat al-Mouz: Uzuri na Ugumu wa Mji Mdogo wa Chuo Jangwani



Ndugu zangu, dada zangu na wanafunzi wetu wapendwa, tangu turudi Kigali kutoka Oman mwishoni mwa 2017 haupiti mwezi bila mtu kuniuliza habari za kule. Wengine ni akina mama wenzangu wa Nyamirambo ambao waume zao wamepata nafasi ya kufundisha. Wengine ni vijana waliomaliza sekondari, wamesikia kuna vyuo vikuu kule na wanataka kujua kama mtoto wa Biryogo anaweza kuishi. Wote huuliza swali moja: je, kuzuri? Siwezi kulijibu kwa neno moja mlangoni mwa msikiti huku kila mtu anatafuta viatu vyake, basi leo nimekaa niandike kwa utulivu. Ninayo na sababu yangu mwenyewe ya kuandika, nitaisema mbele insha'Allah.

Kwanza mjue tulikuwa wapi, kwa sababu watu wakisikia Oman wanafikiria Maskati, bahari na majengo meupe. Sisi tuliishi ndani kabisa, Birkat al-Mouz, kitongoji cha Nizwa, zaidi ya saa moja kwa gari kutoka Maskati kwa barabara nzuri ya lami. Baba watoto alifundisha Kiingereza katika chuo kimoja cha Nizwa. Nizwa ni mji mkuu wa mkoa wa Dakhiliyah, na zamani ulikuwa makao ya Maimamu wa Oman. Ngome yake kubwa ya duara aliijenga Imamu Sultan bin Seif al-Yarubi katika karne ya 17. Lakini Birkat al-Mouz yenyewe ni kijiji kilichokua. Kina maduka machache, kinyozi, kituo cha mafuta, misikiti, mashamba ya mitende na magofu ya nyumba za udongo yaliyopanda kilima. Pembeni kuna Chuo Kikuu cha Nizwa, kilichofunguliwa 2004. Muhula ukianza barabara zinajaa mabasi na wasichana wa baibui, maana wanafunzi wengi wa pale ni wasichana. Muhula ukiisha, unasikia mbuzi.

Jangwa la pale si la mchanga wa kwenye picha za ngamia. Ni jangwa la mawe. Milima imesimama mitupu, haina hata jani, na ukitoka Rwanda ambako hata ukuta ukiuacha unaota majani, macho yanapata taabu mwezi mzima wa kwanza. Jina la mji, sasa, maana yake ni bwawa la ndizi. Wanangu walicheka sana siku ya kwanza baba yao alipowafasiria. Tumetoka nchi ya migomba, tumepanda ndege mbili, tumevuka bahari, tumekuja kuishi kwenye bwawa la ndizi! Na ni kweli migomba ipo, mifupi, imepandwa chini ya kivuli cha mitende pale maji ya falaji yanapopita.

Niseme kidogo juu ya falaji, kwa sababu ni kitu nilichokipenda kuliko vyote. Falaji ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima hadi mashambani, bila pampu, kwa kuteremka taratibu tu. Ule wa Birkat al-Mouz unaitwa Falaj al-Khatmein, na pamoja na Falaj Daris wa Nizwa ni miongoni mwa mifereji mitano ya Oman ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia 2006. Maji yakifika mjini yana utaratibu wake. Mahali pa kwanza ni pa kuchota ya kunywa, halafu pa kutawadhia msikitini na pa kuogea, ndipo yaende mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya saa kadhaa, na zamu hizo zinarithiwa, zinakodishwa na kuuzwa. Zamani walipima zamu kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mimi niliyezoea kugombana na majirani kwa sababu ya maji ya mvua kutoka paa la mmoja kwenda uwanja wa mwingine, nilikuwa nasimama pale nikiangalia watu wanaishi kwa mfereji mmoja mwembamba karne na karne. Subhanallah.

Sasa tuje kwenye dini, maana ndiyo mnayouliza zaidi. Hapa Rwanda, kwa sensa ya 2022, Waislamu ni kama watu 2 katika kila 100. Unajua maana yake katika maisha ya kila siku. Kazini unaeleza kwa nini unahitaji nusu saa Ijumaa. Harusini unauliza nyama imechinjwa na nani. Mtoto anaalikwa sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake, unabaki na wasiwasi. Birkat al-Mouz yote hayo yaliondoka siku moja, kama mzigo ulioubeba muda mrefu hata ukasahau kuwa unao. Nyama yote halali. Hakuna baa mkabala na shule. Adhana inasikika kutoka pande zote, na dukani muuzaji akisikia anafunga mlango, wewe mteja unasubiri au unaenda naye. Ijumaa ni siku ya mapumziko, asubuhi watu wanakwenda mnada wa mifugo wa Nizwa ambako mbuzi wanazungushwa kwenye duara na wanunuzi wanapaza bei, halafu wanarudi kuoga na kwenda kuswali. Mwanangu wa kiume alikwenda akiwa na miaka 5. Alifika miaka 9 hajui kwamba duniani kuna mahali ambapo mtu anayeswali anatazamwa.

Ramadhani ni kitu kingine. Sheria ya kazi ya Oman inapunguza saa za Mwislamu ziwe 6 kwa siku mwezi huo, na mchana huoni mtu anakula hadharani. Hapa Kigali tunafunga kama saa 13 na kazi ni ileile ya siku zote, bosi wako ana chupa ya maji mezani. Lakini msidhani kule ni mteremko. Ramadhani nne tulizofunga kule, kuanzia 2014 hadi 2017, zote ziliangukia kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Julai. Hapa karibu na ikweta mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kule kiangazi siku ni ndefu, funga inafika kama saa 15, na nje joto linapita digrii 40 kwa urahisi. Mwaka wa kwanza saa tisa alasiri nililala sakafuni juu ya marumaru kwa sababu ndiyo sehemu pekee iliyokuwa na ubaridi. Usiku, alhamdulillah, mji ulifufuka. Watoto walicheza mpira hadi karibu na daku, na jirani alituletea harisi na tende kila siku ya mwezi hata nikaona haya kurudisha sahani yake ikiwa na sambusa tu.

Kuna jambo moja dogo ambalo familia ziambiwe mapema. Watu wa Nizwa wengi ni Ibadhi, sisi hapa wengi wetu tumelelewa Kishafii. Msikitini wao wanasimama na mikono imeshuka ubavuni, na baada ya Fatiha hakuna "amin" ya kutikisa paa. Hakuna aliyetusumbua hata siku moja, tuliswali nao kwa amani kabisa. Ila watoto huiga. Mwanangu aliporudi Nyamirambo akasimama safuni na mikono yake chini, mzee mmoja alimkunjia mikono kifuani katikati ya swala, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Kijana alirudi nyumbani amechanganyikiwa: kumbe miaka yote nimeswali vibaya? Ilibidi baba yake akae naye jioni nzima kumweleza kuhusu madhehebu. Mweleze mwanao kabla ya kuondoka, na si baada ya kurudi.

Watu huniuliza pia, je, Kiswahili chetu kitatusaidia? Sana, kuliko nilivyotarajia. Oman imejaa watu waliozaliwa Afrika Mashariki au ambao wazazi wao walizaliwa huku. Wengi walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, na kuanzia 1970, Sultan Qaboos alipoingia, wengine wengi walirudi kwa wito wake. Si Zanzibar tu. Wapo waliotoka Bujumbura, Bukavu, Kisangani, na wapo wa hapahapa kwetu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi bibi mmoja aliyeondoka Kigali akiwa msichana katika miaka ya 1970. Siku ya kwanza aliponisikia nikimwita mwanangu kwa Kinyarwanda barabarani, alisimama na kapu lake la nguo akalia. Alikuwa bado anakumbuka vichochoro vya Biryogo na majina ya wenye maduka ambao mimi sikuwakuta hai. Kila mtu wetu aliyesafiri kuja Kigali alipewa agizo moja: amletee sombe iliyotwangwa ikakaushwa. Wanawe walinielewa nikiongea Kiswahili lakini walijibu kwa Kiarabu. Wajukuu hawakuelewa kitu.

Na hapa niseme jambo pembeni. Sisi wa Nyamirambo tunajua uchungu wa kuitwa "Mswahili" kwa dharau, kama vile lugha ni kosa. Bibi yule aliniambia kule nako, miaka ya mwanzo, waliorudi walipewa jina lao, "Zinjibari", hata kama hawajawahi kuiona Zanzibar, na halikuwa jina la kusifia. Mwaka 2017, tukiwa bado kule, Bunge la Rwanda lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Nilikimbia kumwambia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Basi sasa nirudi."

Haya, magumu. Nimeanza na joto kwa sababu ya Ramadhani, lakini joto mtu analizoea kwa maarifa. Nitawapa moja la bure. Matangi ya maji yako juu ya paa, kiangazi maji ya bomba la baridi yanatoka ya moto kiasi cha kuunguza. Wenyeji wanazima ile mashine ya kuchemsha maji ya bafuni, maji yanakaa ndani yake kivulini, na kuanzia hapo bomba la moto ndilo linakuwa la baridi. Tulioga hivyo kila kiangazi. Na ukichoka kabisa, barabara ya Jebel Akhdar inaanzia palepale Birkat al-Mouz. Polisi wanakagua kwanza kama gari lako ni la magurudumu manne yenye nguvu, wakikuruhusu unapanda hadi kiasi cha mita 2,000 na unakuta makomamanga, mawaridi na hewa ambayo ni ya Kigali hasa. Mvua ndiyo ya kuiogopa. Watu hucheka wakisikia mtu wa jangwani anaogopa mvua, lakini mabonde makavu hujaa kwa dakika chache na maji hushuka kama ukuta. Aprili 2024 mafuriko Oman yaliua watu karibu 20, wakiwemo watoto wa shule waliochukuliwa na maji wakiwa garini huko Samad al-Shan. Mtoto wako wa Kigali amezoea kukimbia kwenye mvua. Mfundishe.

Ugumu wenyewe hasa ni upweke wa mama wa nyumbani. Hapa nikichoka na nyumba natoka, natembea dakika tano niko Biryogo, nakutana na watu kumi, nakunywa chai, narudi nimepona. Nikitaka kwenda mbali nanyanyua mkono moto inasimama. Kule mji mdogo wa jangwani hautembeleki kwa miguu mchana kuanzia Mei hadi Septemba, na basi la kuzunguka mji hakuna, kuna teksi za barabara kuu tu. Bila gari wewe ni mfungwa, tena mwenye kiyoyozi. Wanawake wa Oman wanaendesha magari bila shida yoyote, hilo si tatizo. Ila mimi ilibidi nijifunze na kufanya mtihani upya, na ilinichukua karibu mwaka. Mwaka huo baba watoto akitoka asubuhi na watoto wakienda shule, nilikuwa nabaki na ukuta mweupe. Nilihifadhi juzuu mbili, alhamdulillah, hilo nalo ni kweli. Lakini pia kulikuwa na wiki ambazo mtu mzima pekee niliyeongea naye nje ya nyumba yangu alikuwa yule bibi. Kwa hiyo akina dada mnaoniuliza, swali langu la kwanza kwenu litakuwa hili: una leseni?

Pesa sitakaa nazo sana. Kodi ya nyumba mji mdogo ni nafuu kuliko Maskati, mafuta ya gari yalikuwa rahisi, mshahara haukukatwa kodi. Kuanzia Aprili 2021 wameanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, na kodi ya mapato waliyoitangaza 2025 itaanza 2028 kwa wanaopata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, na walimu wengi hawafiki hapo. Ada za shule ndizo zinakula. Sisi tuliweka watoto shule binafsi ya lugha mbili, na mwisho wa mwezi tulichobakiza hakikuwa kile ndugu zetu wa Kigali walichokuwa wanafikiria tunacho.

Lakini lipo jambo ambalo hakuna anayeliuliza, nalo ndilo lililotutoa. Kule wewe ni mgeni wa mkataba. Kibali chako kiko mikononi mwa mwajiri na kinafanywa upya kila baada ya muda. Serikali ina sera ya kuwapa Waomani kazi kwanza, na haki yao, ni nchi yao, vijana wao wanasoma na wanahitaji kazi. Niliona familia moja ya Kisudani iliyokaa miaka 18, watoto wote wamezaliwa pale, wanaongea kama watu wa Nizwa, wanavaa kama watu wa Nizwa, mkataba ukaisha wakauza makochi barabarani ndani ya mwezi mmoja. Baada ya kuwaaga, baba watoto hakulala. Unaweza kuswali nyuma ya imamu mmoja miaka 18, ukashiriki maziko na harusi zao, na bado ukawa mtu wa kupita. Wenyeji walitupenda, sina shaka na hilo hata kidogo.

Na umbali. Mama mkwe wangu alifariki Alhamisi usiku. Kama mnavyojua, sisi hatucheleweshi maiti, akazikwa Ijumaa baada ya swala. Sisi tulitafuta ndege, kutoka Birkat al-Mouz hadi uwanja wa Maskati, halafu kusubiri Addis Ababa, tukaingia Kanombe Jumamosi mchana. Baba watoto alipelekwa moja kwa moja makaburini kuonyeshwa udongo ambao ulikuwa bado mbichi. Hakusema kitu siku ile wala wiki ile. Tuliporudi Oman aliweka kalenda ukutani akaanza kukata siku za mkataba.

Kurudi nako kulikuwa na bei yake, na waliolipa ni watoto. Binti yetu alikuwa na miaka 12. Kiarabu chake kilikuwa safi, Kiingereza safi, Kiswahili kizuri. Kinyarwanda alikuwa anakisikia kwenye simu tu na bibi yake. Wenzake wa rika lake walikuwa wanaingia sekondari, yeye ikabidi akae darasa la sita la msingi kwa sababu Kinyarwanda kimo kwenye mtihani wa taifa. Alikaa nyuma ya watoto wadogo wanaomcheka lafudhi. Shule ya kwanza tuliyompeleka ilimwambia avue mtandio getini. Kule hakuwahi kufikiria mtandio wake. Wasichana wote walivaa, alivaa kama anavyovaa viatu. Alilia, alikasirika, alituuliza kwa nini tulimtoa mahali ambapo hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimhamisha tukampeleka shule ya Kiislamu.

Kaka yake ilikuwa tofauti. Mwaka wa kwanza alikuwa anapitisha adhuhuri shuleni bila kuswali, anaikidhi nyumbani, kwa sababu hakuna aliyekuwa anakwenda naye. Machi 2018, miezi mitatu baada ya kurudi kwetu, misikiti ya Nyarugenge ikaambiwa iache kuadhini kwa vipaza sauti kwa ajili ya kelele. Mtoto akaniuliza, sasa nitajuaje wakati umeingia? Nilimnunulia saa. Sitawaambia kwamba siku hiyohiyo alibadilika. Ilichukua kama miaka mitatu. Sasa ana miaka 17, anaswali na wenzake wanne nyuma ya darasa juu ya makoti yao, na nikisahau mimi wakati wa alasiri ndiye ananikumbusha. Nikilinganisha, Birkat al-Mouz aliswali zaidi. Lakini swala ya hapa naijua ni yake.

Ndiyo maana wenye watoto wadogo nawaambia nendeni, kama mkataba ni mzuri na mama anaendesha gari. Miaka mitatu minne ya kusikia adhana tano kila siku na kuokota Kiarabu barabarani ni kitu ambacho mualimu wa madrasa ya Jumamosi hawezi kukupa. Ongeeni Kinyarwanda nyumbani kila siku, hata mkiwa mmechoka. Wenye watoto wa miaka 11 na kuendelea fikirini mara mbili, kwa sababu mtoto huyo ndiye atakayelipa siku mkirudi, na mtarudi.

Kwa wanafunzi ni hesabu nyingine, na hapa nafikia ile sababu yangu. Binti yetu amemaliza sekondari 2025 na anataka kurudi kusoma Nizwa. Ameshajua kila kitu: kwamba kuna mwaka wa msingi wa Kiingereza, hesabu na kompyuta kabla ya masomo yenyewe, na kwamba hosteli za wasichana zina basi na zina saa za kurudi. Baba yake anasema kama ni mji mdogo wa chuo anautaka, tunao wetu. Huye ni saa mbili na nusu kwa basi. Chuo kikuu kipo pale tangu 1963, kilipoanzishwa kwa mkono wa Padri Georges-Henri Lévesque wa Kanada, na tangu 2013 kimeingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Kuna msitu wa Ruhande wa kutembea, kuna msikiti mjini, kuna Cyarabu, mtaa ambao jina lake tu linaonyesha ni akina nani walifungua maduka ya kwanza. Akiugua tunamfikia kabla ya jioni. Au, anasema baba, kama anataka chuo cha Kiislamu basi Mbale, Uganda, ambako kipo tangu 1988 na nusu ya walimu wa Nyamirambo wamepitia.

Binti anajibu kwamba Huye atakuwa tena yule msichana wa mtandio darasani, na amechoka kuwa yule msichana. Anataka miaka minne ya kusoma tu bila kuwa mfano wa kitu chochote. Mimi nikimsikiliza moyo unaniuma, kwa sababu namwelewa. Nikimtazama baba yake naona ile kalenda. Tumemwambia kaka yangu mkubwa, naye amesema tuswali istikhara na tusimlazimishe mtoto.

Nimempa sharti moja kabla hajatuma maombi. Ajifunze kuendesha gari hapahapa Kigali, apate leseni. Ameanza, kila Jumamosi asubuhi, isipokuwa ile ya umuganda. Na yule bibi wa nyumba ya tatu bado yupo hai, alhamdulillah. Nilipomwambia kwa simu kwamba huenda msichana akarudi, hakuuliza atasoma nini. Ameuliza kama atakuwa na nafasi ya sombe kwenye sanduku.

Mwenye swali aniulize baada ya swala, upande wa akina mama.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.